Sahani Iliyofunikwa

Hadithi ya Wilkista ilisomwa redioni Jumapili, na tangu hapo amekuwa akiogopa kurudi nyumbani. Alikuwa ametunga kuhusu mama ambaye kila jioni humfunikia mwanawe aliyepotea sahani ya ugali, na kule Kimilili mama mkwe wake hufanya hivyo hivyo kwa mwanawe aliyetoweka, shemeji wa Wilkista. Je, akisema Wilkista amemzika shemeji yake kwa maneno?

Sasa, katika basi la kutoka Kitale, abiria wawili wasiojuana walikuwa wakiibishania hadithi hiyo, bila kujua mwandishi ameketi nyuma yao.

“Hiyo sahani ni kaburi, bana,” alisema mzee mmoja wa Kibomet. “Kijana alikufa. Mama ndiye hataki kukubali.”

“Hapana, mzee,” akajibu mama wa Malakisi. “Kwetu maiti hafunikiwi ugali. Ukiona imefunikwa, jua kuna mtu ako njiani.”

Wilkista akashusha pumzi.

“Haya, na asubuhi nani hukula?” akauliza mzee.

Wilkista alilijua jibu, maana kiporo hicho hukila yeye, kwa chai, mama mkwe akimwongezea sukari. Basi liliposimama Kimilili, alishuka wa kwanza, njaa yake ikizidi woga.