Master Padarath na Mlingoti wa Goli la Kusini

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba, Master Ramlochan Padarath anastaafu baada ya kuitumikia Klabu ya Vunitavola kwa miaka ishirini na saba, saba ya mwisho akiwa kocha mkuu. Katibu wetu, Bwana Ifereimi, aliponipa kazi ya kuandika wasifu huu aliniambia kwamba wasifu mzuri lazima uwe na jambo moja ambalo wasomaji hawalijui. Nimefikiria sana. Ninalo moja tu, na sijamwambia mtu yeyote, hata mama: baba yangu hajawahi kumloga mtu. Anapozungumza na mlingoti wa goli, anayeambiwa si mlingoti.

Nitafika huko. Kwanza Master mwenyewe.

Wengi wenu aliwafundisha jiografia. Klabuni alianza kwa kuchora mistari ya uwanja, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imepinda, na alisema hawezi kutazama mpira unaochezwa ndani ya umbo lisilo na jina. Baadaye akapewa timu ya vijana. Katika miaka hiyo klabu iliajiri makocha kutoka nje, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alituacha chini kidogo kuliko alivyotukuta. Wa mwisho aliaga katikati ya msimu akisema anakwenda mjini Suva kung'olewa jino. Lazima lilikuwa jino kubwa, maana mpaka leo hajarudi.

Kwa hiyo siku Master alipokabidhiwa timu, tulikuwa mkiani mwa ligi ya kulipwa. Mdhamini alikuwa ameshatangaza kwamba tukishuka daraja anaondoka, na uongozi ulikuwa umeshakubaliana kwamba akiondoka, timu inavunjwa. Wachezaji wote wangerudi mashambani kukata miwa. Watu wakaanza kuaga uwanja. Mzee mmoja alikuja na msumeno kuulizia mbao za jukwaa.

Master alianza na viatu. Mnajua kwetu ndugu akikuomba kitu humnyimi. Klabu ilikuwa inanunua viatu vipya vya mpira mwanzo wa msimu, na kabla msimu haujafika katikati, nusu yake vilikuwa vinatembea vijijini. Jozi moja ilionekana kanisani, imepakwa rangi nyeusi. Master hakumgombeza mtu. Alivihamishia viatu vyote nyumbani kwake, akamkabidhi mkewe, Bi Sushila. Ndugu yeyote aliyekuja kuazima alikaribishwa vizuri, akapewa chai na roti, halafu akasimuliwa magonjwa ya Bi Sushila kuanzia goti la kushoto. Hakuna aliyewahi kufika goti la kulia.

Kisha yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi kinacholegeza mwili. Timu ilikuwa na mazoea ya kukaa kuzunguka bakuli siku moja kabla ya mechi, na kesho yake vijana walicheza kama watu wanaotafuta mahali pa kulaza kichwa. Makocha wa nje walipiga marufuku, wachezaji wakahamishia bakuli kwa mchungaji. Master hakupiga marufuku kitu. Alikuja akakaa nao kwenye mkeka, akanywa kikombe chake, akapiga makofi inavyotakiwa, halafu akaanza kuwafundisha mito ya Siberia. Alipofika mto wa pili, bakuli lilikuwa limeshafunikwa na kila mtu amekumbuka shughuli nyumbani. Waisake, mshambuliaji wetu, anaweza kuitaja mito hiyo yote hadi leo. Tatizo ni kwamba huitaja anapokwenda kupiga penalti.

Waisake naye ana hadithi yake. Master alimtoa kwenye raga, kwa sababu ya mbio zake. Katika mechi yake ya kwanza alipewa pasi nzuri kabisa, akaidaka kwa mikono miwili, akawapita mabeki wote, akaingia golini na kuulaza mpira chini kwa heshima. Uwanja mzima ulishangilia kabla haujakumbuka. Master alisema mbio zilikuwa sahihi, mikono tutaishughulikia wiki ijayo.

Lakini bado tulifungwa, na goli lilikuwa lile lile kila siku. Krosi inaingia. Kipa wetu Apenisa, ambaye ndiye baba yangu, anatoka. Taniela, beki wa kati, anarudi. Wanagongana, au wanapishana kwa adabu kama watu wawili mlangoni, na mpira unaingia wavuni. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba mpira ni wake. Kocha mmoja wa nje aliwahi kuwapeleka semina ya mawasiliano. Walikaa huko siku nzima, huyu akiangalia dirisha hili na yule akiangalia lile.

Taniela amemwoa binti wa baba yangu mkubwa, na kwetu binti wa kaka yako ni binti yako. Kwa hiyo baba ni mkwe wake, ingawa wamepishana miaka mitatu tu. Mkwe hasemezwi. Haitwi jina, hapewi kitu mkononi, wala hapigiwi kelele, hata kama namba tisa wa timu pinzani amesimama mgongoni kwake. Sote tuliijua ndoa ile, nami nilishika maua. Magoli nayo tuliyajua. Ila hakuna aliyethubutu kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, kwa sababu hapo ingebidi kumlaumu mtu kwa kuwa na heshima.

Master aliyaweka pamoja kwa sababu ya chumvi. Timu ilikuwa inakula chakula cha mchana, na chumvi ilikuwa mbele ya baba. Taniela, aliyekaa karibu yake kabisa, alimwomba Setoki, aliyekaa mwisho wa meza. Setoki akainuka, akazunguka meza yote, akachukua chumvi mbele ya baba, akampa Taniela, akarudi kukaa. Wenzake waliendelea kula kama kawaida. Master aliacha tonge hewani, akawatazama mmoja mmoja. Mechi iliyofuata, Setoki, ambaye siku zote alikuwa winga, alipangwa beki wa kulia, pale pale kati ya mkwe na mkwe.

Setoki anatoka visiwa vya mashariki, na watu wa huko ni watani wetu tangu enzi za mababu. Mtani anasema lolote kwa yeyote. Anachukua kitu chako bila kuomba, na wewe kazi yako ni kucheka. Hivyo Setoki akawa mshenga wetu wa ulinzi. Baba alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kijana asogee kushoto, na Setoki akaufikisha ujumbe ukiwa umeongezewa viungo.

"Wewe gunia la miwa, sogea kushoto! Mkweo anasema angejua ungekuwa mzito hivi, binti angempa mtu wa posta."

Baba hakuwa amesema neno hata moja kuhusu posta. Taniela alisogea akicheka. Baba, ambaye haruhusiwi kucheka mbele ya mkwe, aliangalia mawingu.

Ujumbe ulichelewa kidogo njiani, lakini ulifika, na magoli yakapungua. Polepole tukaanza kuokota pointi, hadi tukafika mechi ya mwisho ya msimu, hapa nyumbani, dhidi ya Waidamu. Sare ingetubakisha. Tukifungwa, yule mzee angepata mbao zake.

Kipindi cha pili, bado hakuna goli, Setoki akagundua kwamba mama yake refa anatoka wilaya yetu. Maana yake refa ni mtani wake. Ninaamini Setoki hakuwa na nia mbaya. Refa alipomwita ili amwonye, Setoki alimchukulia filimbi mkononi, akaipuliza, akatupatia faulo sisi. Refa alicheka, kwa sababu mila inamtaka acheke. Halafu akatoa kadi nyekundu, kwa sababu sheria inamtaka atoe. Aliitoa huku bado anacheka, na Setoki alitoka uwanjani akimpungia mkono kama mtu anayeagana na ndugu bandarini.

Tulikuwa pungufu mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa mdomo wa ulinzi wote. Waidamu wakapata kona. Baba aliona wazi kwamba namba tisa wao amesimama peke yake nyuma ya Taniela. Alinyoosha kidole, akakumbuka ni mkwe, akakitumia kukaza glavu.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi nyuma ya goli la kusini. Huwa nakaa pale kwa sababu jukwaani watu wananisalimia. Ndiyo maana nilisikia. Master alikuja kwa nyuma na chupa ya maji, akijifanya kipa ameomba maji, akainama karibu na wavu.

"Apenisa, huo mlingoti ni mkwe wako?"

Baba alimtazama kama vile jua limemzidi Master, akasema hapana.

"Basi ongea nao, bwana. Na uongee kwa sauti. Mlingoti una uziwi."

Kona ilikuwa inapangwa. Baba akaweka mkono juu ya mlingoti, akakohoa, na kwa sauti ambayo hata nyumbani sijawahi kuisikia, akasema:

"Wewe mlingoti, namba tisa yuko nyuma yako. Rudi. Na mpira ukija juu ni wangu, usiniharibie."

Taniela hakugeuka. Alirudi tu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Kona ikapigwa, mpira ukaja juu, baba akaudaka peke yake bila kumgonga mtu. Taniela, akiangalia nyasi, akauambia ule mpira mikononi mwa baba, "Mwambie mwenyewe nimesikia." Tangu hapo hadi mwisho baba aliusema mlingoti ule bila huruma. Mechi iliisha bila goli. Timu ikabaki, na mbao za jukwaa zikabaki na misumari yake.

Msimu uliofuata tulimaliza katikati ya msimamo, na Master akasema katikati ni mahali pa kupita tu. Akaleta viungo wawili kutoka timu ya vijana aliyoilea mwenyewe. Setoki akarudi winga, mbali na marefa. Tukapanda, tukapanda tena, na mwaka jana tulikosa ubingwa kwa penalti moja, na habari ya mito ya Siberia sitaisema leo kwa sababu Waisake atasoma hapa.

Lakini jinsi tulivyopanda, ndivyo maneno yalivyoenea kuhusu baba. Tukicheza ugenini, anaufikia mlingoti mgeni, anaupigia makofi matatu ya heshima na kujitambulisha, kwa sababu hawezi kuanza kuamrisha mwenyeji asiyemjua. Wapinzani wanaona hayo, wanaona na magoli yanavyokataa kuingia, wanafikia uamuzi wao. Shuleni niliulizwa mara nyingi kama milingoti hulala kwetu. Waidamu walikuja mapema mwaka jana wakausugua mlingoti wa kusini kwa ndimu, chumvi na manjano. Master aliwaazima brashi. Mchezo wote eneo lile lilinukia mchuzi wa samaki, na tukashinda mabao mawili. Kamati ya ligi ilipomwita Master aeleze kama mlingoti umewekewa kitu, alijibu kwamba ni mlinzi wake pekee ambaye hajawahi kuchelewa mazoezini, na zaidi ya hapo hana malalamiko nao.

Angeweza kueleza ukweli kwa sentensi moja na kumaliza maneno. Hakueleza, kwa sababu siku jambo lile likitajwa kwa jina lake, baba atakuwa amemsemeza mkwewe mbele ya watu, na itabidi aache. Master alikubali aitwe mchawi yeye pia, miaka yote hii, ili wanaume wawili waendelee kuheshimiana na kuokoa kona.

Master, tunakushukuru kwa mistari iliyonyooka, kwa viatu vilivyobaki miguuni mwa wenyewe, na kwa timu ambayo ilikuwa ya kuvunjwa na leo inaogopwa. Tunamshukuru Bi Sushila na magoti yake yote mawili. Ameomba klabu ikuazime vijana wa mazoezi kila Jumanne, kwa sababu anasema hawezi kukaa na wewe nyumbani wiki nzima bila uwanja. Tumekubali. Mapumziko yako yawe marefu kama mto wowote unaoupenda, na bilinganya za bustani yako zisimame kwenye mistari.

Sasa naomba jambo moja kwenu wasomaji. Baada ya sherehe hii tunacheza na Waidamu, na mshindi ndiye bingwa. Wakijua kwamba mlingoti ukiambiwa kushoto ni Taniela anayekwenda kushoto, watapita kulia jioni nzima. Baba na Taniela wakisoma haya watajifanya hawajasoma, kwa hiyo hao hawana shida. Ninyi ndio nawaomba. Karatasi hii inagawiwa geti la mashariki tu, na wageni wanaingia la magharibi. Usiiache kwenye kiti. Ikunje, uiweke mfukoni, na mtu wa Waidamu akikuuliza, shusha sauti umwambie kwamba mlingoti ule una wenyewe.