Kapu Litabaki Mlangoni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Bwana Meneja, Mwalimu Mkuu wa shule jirani ambaye tunamshukuru Mungu kila tukimwona anatembea, familia ya Mzee Chaki mliokaa hapo mbele, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa chumba cha kushona: habari za leo? Hamjambo? Wagonjwa mliowaacha nyumbani wanaendeleaje? Mimi namshukuru Mwenyezi Mungu ni mzima, isipokuwa magoti, na magoti yangu mnayajua, yanalalamika kuliko mwenyewe.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni mshonaji. Darasani nilikaa kidogo, kwenye cherehani nimekaa umri mzima. Nimesimama hapa kwa sababu Mzee Chaki, mkataji wetu wa vitambaa, anastaafu leo, na kuanzia Jumatatu meza yake na chumba chote vitakuwa chini ya uangalizi wangu. Nimepewa kazi mbili. Ya kwanza ni kumuaga mzee. Ya pili ni kwamba juzi Bwana Meneja aliniita ofisini, akanipa kiti, akanipa chai, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, ukimaliza kumuaga mzee, watangazie wenzako kwamba lile kapu la mlangoni linaondoka naye."

Ya kwanza nitaifanya kwa moyo wote. Ya pili, Bwana Meneja, nasema mbele ya Mwenyekiti na mbele ya Mungu aliyenipa ulimi: sitaifanya. Kaa tu, ndugu yangu, usisimame. Chai yako ilikuwa tamu na heshima yako iko palepale. Nisikilize kwanza.

Ndugu wageni, pengine mnajiuliza, kapu gani hilo la kugombaniwa kwenye sherehe? Ni kapu la kawaida, la kutupia vipande vya nguo vilivyobaki. Linakaa kwenye kigoda mlangoni mwa chumba chetu. Asubuhi kila mshonaji anaingiza simu yake humo, anakaa kwenye cherehani yake, na hatuzigusi mpaka kengele ya chai. Tukimaliza chai zinarudi humo mpaka jioni. Basi. Ndiyo kosa letu lote hilo.

Lilianzaje? Wenzangu mnacheka kwa sababu mnajua naelekea wapi. Mwalimu Mkuu, mama yangu, naomba ruhusa yako nisimulie. Ameitikia kwa kichwa, ameniruhusu.

Mwaka ule tulikuwa na oda ya shule yake, sketi nyeusi za wanakwaya. Kitambaa kizuri, kizito, kilikuwa kimeshatandazwa mezani. Zamani zile kila mtu alikuwa na simu mapajani, mguu mmoja kwenye pedali, jicho moja kwenye sindano, jicho la pili kwa walimwengu. Mdada wetu wa vifungo, yule aliyevaa njano, ambaye tangu zamani tunamwita Redio, akapiga ukelele: "Jamani! Mwalimu Mkuu amefariki!" Ujumbe ulikuwa umeandikwa "Mwalimu Mkuu wetu mpendwa ametutoka", na picha ya mshumaa. Chini hapakuwa na jina la shule wala la aliyeandika. Kabla machozi hayajakauka, chumba kizima kilikuwa kimeshautuma mbele, kila mtu kwa watu wake, na pole juu yenye jina la shule jirani.

Sasa sisi ni mafundi, huzuni yetu inatokea mikononi. Mtu akasema, tusimzike mama wa watu mikono mitupu. Mzee Chaki siku hiyo alikuwa amekwenda kwa daktari wa macho, meza haina mwenyewe. Tukachukua mkasi tukakikata kile kitambaa cha sketi zake, tukaanza kumshonea vilemba vya msiba na vitambaa vya kufunga mkononi. Tunalia tunashona, tunashona tunachungulia simu kama kuna picha mpya ya msiba.

Hodi ikabishwa mlangoni. Tukaitikia karibu, vichwa chini. Mshona kola, aliyekuwa karibu na mlango, ndiye aliyepokea mgeni, jicho likiwa kwenye simu.

"Nimekuja kuangalia sare zangu zimefikia wapi," mgeni akasema.

"Sare za shule? Pole, mama. Mwenye sare ametutoka."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Amefariki, mama. Jana."

"Masikini! Alikuwa anaumwa?"

"Presha, wanasema."

"Na hivyo vitu mnavyoshona ni nini?"

"Vya msiba wake. Wewe ni ndugu wa marehemu?"

"Ni mtu wangu wa karibu sana," mgeni akasema.

Hapo ndipo Redio alipoinua kichwa. Sitaki kuwaeleza mayowe. Mshona mifuko aliingia chini ya meza, mwingine akaanza kusali kwa lugha asiyoijua mwenyewe. Na Mwalimu Mkuu, Mungu ambariki, aliokota kilemba kimoja, akakipima kichwani, akasema, "Mshono mzuri. Viwekeni. Siku yangu ikifika kweli, mnipigie kwanza mniulize."

Chekeni, ndugu zangu, hata mimi nacheka. Lakini niwape na sehemu isiyochekesha. Aliyekufa alikuwa mwalimu mkuu mwingine, wa mbali, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemjua. Na ule ujumbe tuliousukuma ulitembea kutoka simu hadi simu mpaka ukafika kwa mama mzazi wa huyu mama aliyeketi hapa, bibi mtu mzima, peke yake nyumbani. Alisoma kifo cha bintiye kabla bintiye hajapata kumpigia. Alianguka. Alipona, tunashukuru, ila tangu siku ile anatembea kwa fimbo. Ile fimbo nani kaichonga? Aliyeandika ujumbe hakumtaja mtu. Sisi ndio tuliomvisha kifo mtu aliye hai, kwa mapenzi mema, kwa machozi ya kweli.

Mzee Chaki aliporudi kutoka kwa daktari hakumgombeza mtu. Alisimama akavitazama vile vilemba. Halafu akalichukua kapu la vipande, akalimwaga, akaliweka mlangoni, akatoa simu yake mfukoni akaitumbukiza humo. Sisi mafundi tuna utaratibu, wageni hamuujui: mkataji haingizi mkasi kwenye kitambaa mpaka mwenzake amsomee kipimo kwa sauti, naye akirudie kwa sauti. Mzee akauliza, "Mkono wa shati tunasomeana. Kiuno cha sketi tunasomeana. Kifo cha mtu mmekikata bila kusomeana?"

Simu zikaanza kuingia kapuni.

Msidhani ilikuwa rahisi. Redio alilalamika, "Mzee, mimi nikikaa bila simu vidole vinaniwasha." Mzee akamwambia, "Vikuwashe juu ya vifungo, mwanangu, vifungo vinakungoja." Mshona kola akasema neno la maana zaidi: "Na mwanangu akiugua shuleni?" Mzee akamjibu, "Mpe mwalimu namba ya mlinzi. Mlinzi ana miguu, atakuja kukuita." Na kweli siku mtoto yule alipopata homa mlinzi alikuja mbio, kofia mkononi, na mama mtu akawa njiani kabla wengine hatujajua kuna nini. Jambo lenye haja na wewe litakutafuta.

Habari hatukuzikataa. Bwana Meneja, hapo naomba unielewe vizuri. Kengele ya chai ikilia, Redio ndiye msomaji wetu mpaka leo. Anasimama na kikombe chake, anatusomea habari kwa sauti, na sisi tunamrudishia kama kipimo: Nani kasema? Alikuwepo? Imeandikwa lini? Ikikosa majibu tunamwambia, "Hiyo bado haijapimwa," naye anaiacha hapohapo. Ikiwa ya kweli na ya kusikitisha, mtu mmoja anaongoza sala fupi, kisha tunaulizana, je, kuna lolote mikono yetu inaweza kufanya? Kama lipo, tunafanya. Kama halipo, tunanyanyuka turudi kazini bila kuibeba mabegani mpaka jioni. Kwani mtu anayelia juu ya kila msiba wa dunia anabakiwa na chozi gani kwa jirani yake?

Niwaambie siri. Kabla ya kapu, tulijua mafuriko ya nchi ambazo hatuwezi hata kuzitamka. Lakini huyu mshona kola, tuliyekaa naye bega kwa bega, hatukujua kwamba kwake kuna mama yake asiyeona, ambaye yeye humlisha kwa mkono kabla ya kuja kazini. Tulikuja kujua simu zilipokuwa kapuni, kwa sababu watu wakikosa pa kutazama hutazamana. Siku hizi tunapokezana kwenda kumsalimia yule mama, na anatutambua kwa mikono.

Hata nyumbani kwangu utaratibu huu umenifuata. Mume wangu, dereva mstaafu, alikuwa akifumbua macho anaamkia simu kabla ya kumwamkia Mungu, mimi nikiwa wa tatu kwenye foleni. Kufika saa ya kifungua kinywa ameshagombana na watu asiowajua, uso umemvimba, hata barazani hataki kutoka kwa hofu ya aliyoyasoma. Nikaweka bakuli juu ya kabati. Akauliza, "Hilo la nini?" Nikamwambia, "La kumlazia mke mwenzangu, hiyo simu yako." Alinuna, akanuna sana. Siku hizi anaiweka mwenyewe, tunasali, tunakunywa chai, kisha ndiyo anaifuata. Na barazani anakaa, anacheka na watoto wa jirani. Yupo hapa, muulizeni.

Bwana Meneja, sababu yako uliniambia na sitaificha, maana si sababu mbaya. Kuna mteja alituma ujumbe asubuhi akajibiwa saa ya chai, akakasirika. Kwa hiyo unataka sote tuwe kwenye kundi la wateja simuni kutwa nzima, tukijibu, tukituma picha za kazi ikiwa bado kwenye sindano. Nauliza kwa heshima: mteja yule alitaka nini, jibu la haraka au suruali yenye miguu inayolingana? Tuwekee simu moja ya kupokelea wateja, mezani kwangu, namba yake mpe kila mteja. Ikilia nitaipokea mimi mwenyewe. Lakini macho ya wenzangu hawa hayauzwi pamoja na sare. Mungu alimpa kila mmoja macho mawili ya kazi yake, ya mtoto wake, ya mwenzake aliye jirani; sitakuwa mimi wa kuwafungulia mlango wale wanaotaka kuyachukua siku nzima bure. Kama kwa neno hili sifai kuisimamia meza ya Mzee Chaki, mwambie Mwenyekiti leo hii, nirudi kwenye cherehani yangu. Nitarudi, na nikipita mlangoni simu yangu itaingia kapuni vilevile.

Mzee Chaki, baba yetu, simama tukuone. Umetufundisha kukata nguo, na watu wengi wanaweza kufundisha hilo. Umetufundisha kunyamaza kidogo kabla ya kukata, na hilo nimelikuta kwako tu. Wenzangu na mimi tumekuandalia zawadi. Redio, ilete.

Bwana Meneja, ulisema kapu liondoke na mzee. Hili hapa, linaondoka naye. Pokea, mzee, ukalitumie kwa viazi. Na hili jingine, hili jipya, tumelishona ndani kwa vile vilemba vyeusi ambavyo mwenyewe yupo hapa akiwa hai, na kitambaa chake ametupa kwa ridhaa yake. Hili ndilo litakalokaa mlangoni. Simu yangu hii naiingiza sasa. Mwalimu Mkuu anainuka naye… asante, mama. Mume wangu, na wewe? Haya, Mungu akuzidishie.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wageni, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa subira yenu, na Mwenyezi Mungu awarudishe salama kwa watu wenu. Bwana Meneja, nimesema yangu yote, sasa tunakuomba utujibu mapema, kabla ya kengele ya Jumatatu. Ila jibu usiliandike kundini. Njoo utuambie kwa mdomo wako; utatukuta sote tumeinua vichwa.