Sauti Iliyokuwa Nyuma ya Pazia

Wasikilizaji wapendwa, leo sitaanza na muziki. Mtanisamehe. Nitaanza na sentensi moja, na nitairudia mpaka iwaingie: aliyekuwa akiimba ni Chiriku.

Wiki iliyopita mlisikia tangazo la kifo. Lilitoka kwa bendi yake, likasomwa huku na huku. Lilisema bendi inasikitika kumpoteza mwitikiaji wake wa zamani. Mwitikiaji. Asubuhi hiyo dobi mmoja alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja, redio iko juu ya rafu. Aliposikia neno lile aliganda, pasi imelala pale pale, mpaka harufu ya kitambaa kinachoungua ikamzindua. Suruali ikatoka na tundu pajani. Mwenyewe alipoifuata, dobi wala hakumwomba radhi ya maana. Alimwambia tu, "Wamemuua mara ya pili." Akafunga duka, akaja hapa kituoni kwa miguu, akasimama getini, akasema haondoki mpaka apate mtu wa kumsikiliza.

Niliyemsikiliza ni mimi. Haya ninayowasimulia nimeyapata kwake, kwa dada mkubwa wa marehemu, na kwa binti wa marehemu.

Chiriku ni jina la utani. Alilipata kiwandani. Kabla ya muziki alikuwa mkanda unga katika kiwanda cha mikate, na mdomo wake haukujua kupumzika. Dada yake anakumbuka, "Anaimba mpaka unga unamwingia kooni. Anakohoa, kisha anaendelea pale pale alipoishia." Dereva wa gari la mikate ndiye aliyekwenda kumsifia kwa mwenye bendi. Wakamwita ajaribiwe. Jumapili iliyofuata alipanda jukwaani na viatu vya kuazima, vinampwaya, akaimba akiwa amesimama wima kama mlingoti, kwa kuogopa kuviacha nyuma.

Dobi alikuwepo ukumbini siku hiyo. Alikuwa kijana, na kama anavyosema mwenyewe, kichwa kilikuwa bado na nywele. Alirudi nyumbani akakosa hamu ya kula. Haikupita muda akaanzisha chama cha wapenzi wa bendi, makao makuu yakiwa dukani kwake, katikati ya mashati ya watu yaliyoning'inia. Walibishana humo hadi chai inapoa. Mwanachama mmoja aliwahi kusimamishwa kwa kusema tarumbeta ndiyo inayoibeba bendi.

Miaka ikaenda. Chiriku akazaa binti, akamlea peke yake, akaimba. Watu walioana kwa nyimbo zake, wakagombana kwa nyimbo zake, wakapatana.

Kisha jiko la gesi likamlipukia.

Alipona, lakini uso na shingo vilibaki na makovu makubwa. Sauti haikuguswa. Nasema tena, sauti haikuguswa. Alipokuwa hospitalini wapenzi wake walifika na fulana zao za chama, wakaanza kuimba kwenye korido. Muuguzi akawafukuza. Kabla hawajatoka ukaja ujumbe kutoka kitandani, kwamba mwambieni huyo dobi yuko juu mno, ashuke kidogo. Dobi akinisimulia hapo alicheka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka.

Mwenye bendi naye alifika, mara moja tu. Binti alikuwa pembeni ya kitanda, ameshika kikombe cha uji. Anasema yule bwana hakukaa hata kwenye kiti. Alimtazama mama yake usoni, akatazama dirishani, akasema, "Watu wanakuja kwetu kucheza. Hawaji kusikitika."

Bendi iliporudi ukumbini ilikuwa na mwimbaji mpya. Msichana mrefu, mzuri, anajua kucheza. Walimpa jina la Malkia. Chiriku, tukaambiwa, amestaafu. Na Malkia alipofungua mdomo, watu wakashikana mikono kwa mshangao, maana sauti ilikuwa ile ile. Wakasema huyu kafundishwa na Chiriku, karithi kila kitu. Dobi naye aliamini. Alipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Jumapili moja alasiri, ukumbi umefurika, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi ili taa za rangi zionekane, umeme ukakatika. Magitaa yakafa. Malkia akanyamaza, mdomo wazi. Lakini sauti haikunyamaza. Iliendelea bila maiki, mistari miwili mizima, safi, ikitokea nyuma ya pazia. Halafu ikakatika ghafla, kama mtu aliyejikumbuka.

Watu walicheka kwenye giza wakidhani ni mbwembwe. Dobi hakucheka. Alipanda jukwaani akipapasa, akasogeza pazia. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa uani uliokuwa wazi kidogo, na kwa mwanga uliopenya hapo akamwona Chiriku, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mtandio umefunika uso mpaka puani, maiki mkononi. Walitazamana. Chiriku akamwambia taratibu, "Kaka, funga pazia. Umeme usije ukarudi."

Akalifunga. Anasema mkono wake ulitii kabla kichwa hakijafikiri.

Kesho yake alimwendea nyumbani, amefura. Alimuuliza imekuwaje akubali kufichwa kama mwizi. Chiriku alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya. Alimjibu, "Mimi nilitaka kuimba. Kuonekana nilishaonekana." Akamwomba asigombane na mtu.

Dobi aligombana na kila mtu. Alikwenda kwa mwenye bendi, akaambiwa hii ni biashara, mama mwenyewe karidhia, na kwenye bendi yeye ni mwitikiaji tu. Akaenda kwenye chama chake akawaeleza wenzake yote aliyoyaona. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo hasira yake ilipozaliwa hasa. Alitegemea waruke. Hawakuruka. Nusu yao walisema, sasa kuna ubaya gani? Muziki si mtamu? Na yule msichana si anapendeza? Hao ni watu waliokuwa wamevaa jina la Chiriku vifuani mwao.

Maneno yakamfikia mwenye bendi. Akaona pazia halitoshi tena. Akamwachisha Chiriku kazi, na Malkia akaendelea kuchezesha midomo juu ya nyimbo ambazo Chiriku alikuwa amesharekodi. Mmenielewa? Walimtoa yeye, wakaibakisha sauti yake. Jumapili ikifika, upepo ukivuma upande wa nyumbani, alikuwa anajisikia akiimba mahali ambapo hayupo. Binti yake anasema siku hizo mama aliwasha redio kwa nguvu, taarifa ya habari, chochote, mradi asisikie.

Aliacha kuimba hata jikoni. Homa ya mapafu ilipomjia, haikumkuta na ubishi mwingi.

Sasa mazishi. Nilikuwepo. Tulikaa kwenye viti vya kukodi, jua limekaza. Mwenye bendi alifika kwa suti nyeusi, Malkia nyuma yake na miwani ya giza, wakapewa viti vya mbele. Ulipofika wakati wa wasifu, yule bwana akasimama bila kuombwa, akatoa karatasi, akaanza. Alimwita marehemu mtu wa watu. Alimwita mwitikiaji mwaminifu.

Dobi akasimama. "Mwitikiaji wa nani?"

Watu wakageuka. Mwenye bendi akasema kwa upole wa kuigiza kwamba hapa si mahali pake, mzee wangu, tumheshimu marehemu.

"Heshima yake ndiyo ninayoidai," dobi akasema. "Mtaje huyo aliyekuwa akimwitikia."

Mwenye bendi akarudi kwenye karatasi yake. Wanaume wawili wakaanza kumvuta dobi koti ili aketi, na angeketishwa, kama binti wa marehemu hangenyanyuka. Hakumtazama mwenye bendi kabisa. Alimwendea Malkia, akasimama mbele yake, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Dada, wewe uliwahi kuimba? Hata wimbo mmoja?"

Malkia alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu. Mwenye bendi alimgusa kiwiko, Malkia akausukuma mkono huo.

"Hata mmoja," akasema. "Mama yako ndiye alikuwa ananikalisha chini ananifundisha maneno, ili midomo isikosee. Alikuwa ananichana na nywele kabla sijatoka mbele. Mimi sijawahi kuimba."

Mwenye bendi aliikunja karatasi, akaketi. Baadaye kidogo aliondoka, na gari lake lilipata tabu kugeuza, kwa sababu hakuna aliyesogeza kiti.

Lakini kabla ya hapo kulitokea jambo ninalotaka mlisikie vizuri. Malkia alipomaliza, mtu mmoja alianza kupiga makofi. Wa pili akafuata. Punde uwanja mzima ukawa unapiga makofi, na wengine walikuwa wale wale wa chama, wenye fulana. Dobi akawageukia. Sijawahi kuona uso wa namna ile.

"Acheni," akasema. "Makofi haya mlikuwa nayo. Mlikuwa nayo alipokuwa anayasikia."

Mikono ikashuka. Tukamzika. Kilichosikika ni koleo na udongo.

Nilimwalika dobi aje hapa studio aseme mwenyewe. Amekataa. Anasema bado ana hasira, na hataki zipoe kwa kuzungumza. Simlaumu. Chama amekivunja, na fulana yake anafutia pasi.

Kwa binti wa marehemu, kwa dada mkubwa, kwa wote waliompenda Chiriku na kumjua kwa uso wake wote, poleni sana. Kwa vituo vyote vilivyosoma lile tangazo, lisomeni upya, na safari hii mseme mwimbaji.

Na wewe unayenisikiliza, uwe ofisini, jikoni au njiani. Yupo mtu karibu yako anayefanya kazi ambayo sifa zake anapewa mwingine. Unamjua. Wala huhitaji kufikiri sana, jina lake limeshakujia. Zima redio, nenda kamwambie unajua ni yeye. Nenda sasa hivi. Usingoje nimtangaze mimi.