Kichwa cha Séraphin

Mpaka anazeeka, Ngoy hakupata kuelewa jambo hili: mdogo wake Séraphin, mgeuza reli wa stesheni ya Kamina, alisahau majina ya watoto wake, akamsahau na mkewe, lakini saa ya treni ya Bukama hakuisahau hata siku moja. Kisha Séraphin akafa. Asubuhi ile ya mwaka 1954, maiti ikiwa bado lupitalo, Ngoy aliketi kwenye benchi la kahawa nje ya depo ya treni. Munganga, daktari wa hospitali hiyo, alikuwa ameomba ruhusa ya kufungua kichwa. Maji ya mgongo yalipimwa Séraphin akiwa hai, hayakuonyesha kitu. Jibu, alisema, limebaki kwenye bongo. Na katika ukoo wao maiti huzikwa nzima, kichwa kikioshwa na kaka mkubwa.

— Kataa, Ngoy, alisema Tshibangu, karani wa Kasai waliyemwita Gazeti. Bataitia bongo yake mu chupa, banafunzi baiangalie.

— Batakuta saa za treni tu, alisema Mafuta, mpakaji grisi wa depo.

Hakuna aliyecheka. Mafuta mwenyewe aliinamisha macho.

— Bakisha kuangalia, alisema Gazeti, banasoma mawazo yake yote. Hata siri za nyumba.

— Gazeti, aliuliza Mafuta, mashini ikikufa, si tunaifungula?

— Mashini iko na mama? Na kama ugonjwa iko mududu, bakifungula atatoka, ataingia mu cité nzima, nyumba kwa nyumba.

Ngoy aliona kila mmoja anasema kwa uchungu wake.

Akaja Noémie, mke wa Gaston, mdogo wa mwisho wa Ngoy na Séraphin. Hakuketi.

— Yaya Ngoy, alisema, akimwita kwa heshima ya kaka mkubwa, leo Gaston ameniuliza jina yangu.

— Mara ya kwanza?

— Ya tatu. Noémie aliwatazama wote watatu. Gaston iko na ugonjwa gani?

Mafuta alisogea kumpa nafasi.

Ngoy aliamua palepale, kwa ajili ya Gaston: munganga afungue, achukue vipande vya kupima na vya kuwafundishia wauguzi, vinavyobaki avirudishe kabla ya maziko, na mtu wa ukoo awe ndani. Barua ya ruhusa aliiandika Gazeti mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini. Ngoy alitia kidole gumba. Kisha akaenda lupitalo, akakiosha kichwa cha mdogo wake kwa maji ya vuguvugu, na munganga alipoanza kazi, yeye ndiye aliyekishika kwa mikono miwili.