Mikono ya Papa Habarurema

Ndugu na majirani, kabla hamjauliza kwa nini juu ya sanduku la Papa yetu kuna picha ya Muzungu aliyefunikwa uso, mutusikilize kwanza sisi watoto wake.

Papa Adalbert Habarurema alizaliwa Kibati, tarehe 11 Februari 1936, mutoto wa muzee Harelimana na mama Nyiramahirwe. Alisoma kwa mapadri mpaka mwaka wa tano, baba yake akafariki, masomo yakaishia pale.

Mwaka 1954 alishuka mujini, mutaa wa Birere, kwa Devji, muchoraji Muhindi. Devji alichora maofisa Wabeleji namna babu zake kule India walivyochora Waingereza. Kwa uso, Muzungu aliketi mwenyewe kidogo. Kwa mwili, alituma uniforme tu, kijana wa kazi akaivaa na kusimama. Kijana huyo alikuwa Papa. Watu wa Birere walimupigia saluti, wakimucheka. Wakati wa uhuru, administrateur mumoja, mukubwa wa serikali ya Wabeleji, aliondoka mbio bila picha yake, Devji akamwachia Papa. Baadaye Papa alichora maduka, salon, na nyuso za nusu ya mutaa wa Ndosho. Uso wake, hapana. Hata telefone ya kupiga picha aliifukuza: “Uso haukamatwi paf! kama senene.”

Tarehe 5 Agosti 1961 alimuoa Mama Ernestine Uwamariya. Moto wa volkano Nyiragongo ulipofika Birere, Januari 2002, Mama alibeba wajukuu, akamutuma Papa achukue picha za arusi. Papa alitoka na picha ya Muzungu kichwani! Sisi tulicheka. Mama hakucheka hata leo.

“Uliokoa Muzungu, ukaacha arusi yetu iungue!”

Papa alipangusa majivu kwenye picha. Tunafikiri aliona haya kusema kwamba alivalishwa koti ya mukubwa.

Ugonjwa wa sukari ulimukamata 2019, ukamula macho. Siku moja hospitalini Mama alilia: “Muzee, utaniacha bila hata picha yako moja.”

Papa akamujibu: “Mama Clarisse, enda uangalie mikono ya ule Muzungu.”

Mama alienda. Chini ya rangi nyeupe ya ngozi ya Muzungu, kidole kidogo cha mukono wa kushoto kimepinda, kile Papa alichovunja akichunga mbuzi Kibati. Alirudi mbio hospitalini kumuomba musamaha. Papa alikuwa amekwisha kutuacha, Jumanne tarehe 12 Machi 2024.

Ameacha mujane, na sisi watoto: mimi Clarisse, Julien, Sylvie na Gentil, pamoja na wajukuu na vitukuu. Asubuhi hii Mama alivua kitambaa chake cha kichwa, akafunika uso wa Muzungu, akaacha mikono tu. Mikono hiyo, ee Mungu, ipumzike kwa amani.