Kiti cha Mkono wa Kulia wa Bibi Dominika

Tarehe 30 Juni, 1983, Bibi Dominika Zenon anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na mmoja. Alianza kazi mwaka uliofuata Uhuru, akiwa Bibi Maendeleo wa kwanza kupanda baiskeli upande huu wa Ufipa, na baridi ya Sumbawanga ikamfundisha mapema kuvaa koti la kiume lililomfika magotini. Alifundisha kushona, kuchemsha maji ya kunywa na kupika uji wa ulezi wenye karanga. Siku hizo koti lile likionekana kilimani, watoto walilikimbilia.

Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Ndoa. Msichana asiolewe kabla ya kutimiza miaka kumi na mitano. Sheria ilitufikia ikiwa imepigwa chapa vizuri. Namna ya kumjua aliyetimiza miaka hiyo haikufika nayo. Vyeti vya kuzaliwa walikuwa navyo wachache, na kadi za ubatizo zilikuwa na tabia ya kuliwa na mchwa wiki ya posa. Binti wa darasa la nne aliweza kukua miaka mitatu kati ya ng'ombe wa kwanza na wa mwisho. Shauri likifika mahakamani, mashahidi walikuwa shambani, na wazee walikuwa wamekwisha kuyamaliza nyumbani. Kazi ya kuchunguza umri akapewa Dominika.

Hakumuuliza mtu umri hata siku moja. Alikaa na akina mama wakipeta ulezi, akaanzisha habari za siku ya Uhuru, Desemba 1961: nani alivaa nini, nani alicheza ngoma mpaka kukapambazuka. Hakuna mama aliyeisimulia siku ile bila kutaja mtoto wake alikuwa wapi. Mtoto aliyekuwa anatembea na kusema, kufikia mwaka 1974 alikuwa ametimiza umri. Aliyekuwa mgongoni, bado. Sisi wanaume wa ofisini tuliicheka sana njia hii, mpaka hakimu naye alipoanza kuitumia.

Hakushinda kila mara. Binti mmoja alipitishwa bandari ya Kasanga na kuvushwa kwa boti kwenda Zambia kabla Dominika hajafika. Mpaka leo, akikutana na mtu aliyetoka Kasanga, humuulizia.

Katika kijiji kimoja cha njia ya Chala alikuwa na rafiki, Mama Cornelia, mke wa Leonsi. Dominika hakuolewa, na ndugu zake walikuwa mbali, kwa hiyo akiwa safarini nyumba ya Cornelia ndiyo iliyokuwa kwao. Walilala chumba kimoja wakipiga soga kama wasichana. Usiku mmoja, miaka mingi kabla ya sheria kuja, Cornelia alimsimulia kwamba siku ya Uhuru alitembea hadi mjini na bintiye Josefina mgongoni, mtoto hana hata jino, na bendera ilipopanda akamlowanisha nguo yake mpya. Walicheka mpaka Leonsi akagonga ukuta.

Mwaka 1974 Leonsi alipokea posa ya Josefina kutoka kwa Flavian, mtu mzima mwenye lori. Baba akaapa kuwa binti ametimiza kumi na mitano. Mama akanyamaza. Hapakuwa na haja ya kupeta ulezi safari hii, maana Dominika alikwisha kujua. Aliizunguka ofisi yetu asubuhi nzima bila kuketi. Mchana alikwenda kwa hakimu akaeleza habari ya mtoto asiye na jino. Ndoa ikazuiwa, ng'ombe wakarudishwa, na Josefina akamaliza darasa la saba. Leo ni mwalimu, aliolewa na mtu aliyempenda mwenyewe, na baadhi yenu mnao watoto wanaofundishwa naye.

Cornelia alikuja ofisini mara moja tu baada ya hapo. Hakugomba. Alisimama mlangoni akasema, "Nilikusimulia kama ndugu, wewe ukasikiliza kama serikali." Akaondoka.

Habari hiyo ilienea Ufipa yote. Tangu hapo, koti likionekana kilimani, akina mama walikumbuka kuni walizosahau porini. Waliokutwa nyumbani walimsalimu vizuri, wakampa kiti na togwa, wakazungumzia mvua. Harusi alizisikia kwa ngoma tu, akiwa chumbani kwake mtaa wa Kizwite. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Kuhusu majirani, waliotunga msemo huo hawakusema kitu. Dominika aliendelea na kazi, na alikuwa mpweke sana. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli na yeye amekubali niandike.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, tukidhani atataja mabati au cherehani, alijibu, "Niitieni Cornelia. Mwambieni kazi imekwisha, sasa anaweza kunisimulia."

Mwalimu Josefina ndiye aliyeupeleka mwaliko. Anasema mama yake aliupokea, akaendelea kupeta. Baadaye aliuliza sherehe inaanza saa ngapi.

Dada Dominika, wako wasichana katika wilaya hii waliokua kwanza ndipo wakaolewa, kwa sababu yako, na wengi wao hawajui. Sisi tunajua, na tunakushukuru. Tunakuombea afya, shamba lenye rutuba na nyumba isiyokosa wageni.

Sherehe inaanza saa nne. Wenzetu mnaombwa msikikalie kiti kilicho mkono wake wa kulia.