Taa za Mlangoni kwa Dobi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, punguzeni kelele za sufuria kidogo. Leo tunamkumbuka mama aliyefua na kupiga pasi nguo za watu maisha yake yote. Mtaani walimwita Dobi. Dobi amefariki juma hili kwa majeraha ya panga. Jana alizikwa. Mlangoni kwake taa za Krismasi bado zinawaka.

Kwa nini watu hupamba nyumba kwa taa wakati wa Krismasi? Wengine watasema ni uzuri tu. Wengine watasema Yesu ni nuru ya ulimwengu, na watakuwa wamesema kweli. Dobi alikuwa na jibu lake, na alilipata kwa damu.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mcheshi, mdomo haukai. Kila Krismasi alizungushia mlango wao balbu ndogo za rangi.

"Mama yake Yesu alizungushwa mji mzima na tumbo lake, kila mlango umefungwa," alimwambia mkewe. "Akipita kwetu asipate shida ya kuuliza."

"Utamlaza wapi? Wewe ukikoroma ukuta unatikisika."

"Nitalala chini. Wewe utafua nepi, si ndiyo kazi yako?"

Kisha ikaja Krismasi ya vurugu. Jioni, genge lenye mapanga na marungu liliingia mtaani. Likakata watu, likachoma vibanda. Majirani wakaambizana wazime taa zote, genge lidhani hakuna mtu. Dobi naye akazima. Taa zilizimwa, wasikilizaji wapendwa. Mtaa mzima giza.

Fundi alikuwa anakimbia kutoka kazini. Walishampasua kichwa, damu imemjaa machoni. Alizoea kuujua mlango wake kwa zile balbu. Gizani akaukosa. Akagonga wa jirani yake, seremala.

"Fungua! Ni mimi!"

Meno yamevunjika, sauti si yake. Seremala aliisikia hata hivyo, akaijua. Akaegemeza bega mlangoni, akasukuma kwa ndani. Wakamfikia fundi hapo hapo. Upande wa pili wa ukuta, Dobi alisikia mapanga yakigonga mbao, halafu yakigonga kitu kisicho mbao.

"Asubuhi Mama aliosha kizingiti cha jirani kwa sabuni yake mwenyewe," anasimulia binti yake. "Kisha akarudi kwetu, akawasha taa za mlangoni."

Tangu hapo, msimu wa Krismasi, Dobi hakuzizima tena taa zake. Seremala akipita alisema, "Umeamkaje, shemeji?" Dobi alijibu, "Salama." Basi. Miaka yote, salama, na hakuna zaidi.

Juma lililopita genge lilirudi. Mtaa ukazima taa kama zamani. Jirani mwingine akamgombeza Dobi kutoka dirishani.

"Zima hayo mataa, mama! Unataka watumalize?"

"Zima ya kwako. Yangu yana kazi."

Safari hii aliyekimbia ni seremala. Walimkuta karakanani kwake. Sikio lilikuwa limekatwa, linaning'inia. Aligonga nyumbani kwake, mlango ule ule, na ndani hakuna aliyethubutu kufungua. Panga likamkosa, likakita kwenye mbao, naye akageuka. Akaona taa za Dobi.

"Mama alikuwa anapiga pasi," anasema binti. "Akachungulia kwenye ufa, akamwona ni nani. Alisimama, pasi mkononi. Mimi nilijua anamsikia Baba akigonga. Nikasema moyoni, leo hafungui."

Dobi akavuta komeo.

Seremala akabaki kizingitini. "Shemeji, mlango huu mimi sistahili."

"Ingia, mjinga wewe! Utaniomba msamaha kichwa kikiwa barabarani?"

Akamvuta kwa shati. Panga la kwanza lilitua begani kwa Dobi. Mmoja wao akaingiza kichwa mlangoni, na Dobi akamkandamiza usoni ile pasi ya mkaa. Ngozi ilibaki kwenye chuma. Kifuniko kikafunguka, makaa yakawamwagikia wenzake miguuni. Panga la pili lilimpata shingoni. Akaanguka kwa mgongo kwenye mlango, ukafungika kwa uzito wake.

Taa zake zilionyesha yote. Majirani waliona. Balbu moja ikawaka ng'ambo, kisha nyingine, watu wakatoka na mawe na michi, na genge likatimuliwa. Dobi alifia hospitalini. Alimfungulia aliyemfungia mumewe. Narudia, wapendwa: alimfungulia.

Jeneza alilitengeneza seremala mwenyewe, bandeji kichwani. Nilipoliona, mbao zake zilikuwa na makovu ya panga, ya zamani na mapya.

"Ni mlango wangu," aliniambia. "Nimeung'oa. Nilimnyima mumewe. Sasa umsitiri yeye."

Kwa seremala sasa limebaki pazia tu, na balbu za rangi kuzunguka fremu tupu.

Kwa binti wa marehemu, wajukuu na mtaa mzima, tunawapa pole. Mungu amlaze mama yetu pema. Nasi tuliobaki, tutafakari. Ukimaliza kutundika taa zako Krismasi hii, usirudi kukaa kwanza. Jaribu komeo la mlango wako. Angalia kama linafunguka upesi.